Nyuma ya Kadi ya Tisa

11 Januari 1991

Mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo, ukiacha goti la wifi yako ambalo linatabiri mvua kuliko redio, na bati la jikoni nililolipigilia misumari mara tatu na bado linavuja palepale, juu ya sufuria. Binti yangu mkubwa amepata kazi ya kupiga chapa posta, kwa hiyo sasa kuna mtu mwingine humu ndani wa kunikosoa herufi. Cherehani ya Mama ipo dirishani. Wifi yako huipaka mafuta kila mwisho wa mwezi ingawa hakuna anayeitumia. Shemeji hajambo? Na mpwa wangu, ameanza kutembea au bado anaburura makalio?

Sasa la maana. Ulisema kampuni yenu ya vitabu inatafuta kitabu cha msamiati wa Kiingereza kwa shule, na kwamba Mhariri Mkuu angependa kuonja kazi yangu. Nakutumia kadi za neno moja tu, neno "fine". Usicheke. Miaka ishirini na miwili nimeingia darasani nikawauliza wanafunzi hali zao, na miaka ishirini na miwili wamenijibu "fine" kwa sauti moja, hata yule aliyevimba shavu zima kwa jino. Hawajui kwamba neno hilo lina kazi nyingine nane. Kamusi tulizonazo shuleni zinaandika "nzuri" halafu zinakwenda zake.

Unajua ninavyofanya kazi, lakini nirudie ili umweleze bosi wako. Mbele ya kadi naandika maana na mfano. Mfano sibuni. Lazima mtu wa kweli awe ameutamka mbele yangu, kwa Kiswahili chake mwenyewe, mahali ambapo Mwingereza angesema "fine". Nyuma ya kadi naandika nani alisema, lini, na alikuwa akifanya nini. Mfano wa kubuni unanuka, na mwanafunzi huunusa mara moja.

Sina nakala. Nikinakili naanza kurekebisha, na nikirekebisha nimeharibu. Kwa hiyo zikae mezani kwako na zirudi kabla ya Machi kwisha. Wakizikubali nina sharti moja: ukurasa wa mbele useme kwamba mifano mingi ilisemwa na mshonaji, mama yetu. Yeye aliishia darasa la pili, akatusomesha kwa mguu wake juu ya ile pedeli. Nataka watoto wa watu wajifunze kutoka kinywani mwake. Hilo tu ndilo ninalolitaka, Kifungo. Jina langu waliandike kwa herufi za sisimizi, sitalalamika.

Kaka yako,
Mwalimu


6 Februari 1991

Kaka Mwalimu,

Shikamoo. Sisi wazima kabisa. Shemeji yako ameacha sigara, kwa hiyo sasa anatafuna njiti za kiberiti na kununa. Mpwa wako alianza kutembea Jumanne, akaelekea moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Namshukuru Mungu hajameza kitu. Mimi nilimeza kifungo cha koti la mteja nikiwa na miaka minne na mpaka leo mnaniitia hicho.

Boksi la viatu limefika. Fundo lako lilinishinda, nikamwomba tarishi mkasi. Hapa chumbani kwetu wasahihishaji tuko wanne, kila mtu na kalamu yake nyekundu, na hakuna anayeinua kichwa mpaka saa ya chai. Leo nimewavunjia heshima yao. Nimesoma kadi ya pili, ile ya kitu chembamba, na nikacheka kwa sauti: "Uzi huu mwembamba mno, bibi harusi akipiga chafya tu tumekwisha." Nimemsikia Mama kabisa, na pini zake mdomoni.

Na ile ya nane, ya kejeli! "Kazi nzuri hiyo, Mwalimu!" Nikageuza nyuma: Mama, akinikemea mimi, baada ya kuunguza kola ya mteja kwa pasi, 1971. Hukujisitiri hata kidogo. Nimekupenda zaidi kwa hilo, nakwambia ukweli.

Nimeanza na zile zilizoniita. Sasa nitarudi mwanzo na kuzisoma kwa mpangilio, moja kila siku wakati wa chai, zisiishe upesi. Nikimaliza nampelekea Mhariri Mkuu na nitamsimamia pale pale asimwage kahawa juu yake. Sharti lako nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika kwenye kifuniko cha boksi. Mama atakuwa ukurasa wa mbele, kaka. Niachie mimi.

Mdogo wako,
Kifungo


25 Machi 1991

Mdogo wangu Kifungo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na huyo mwanariadha wenu. Sisi tupo. Wifi yako amepewa dawa ya kupaka, goti halijapona ila nyumba nzima inanuka karafuu. Bati nimeliacha livuje. Tumehamisha sufuria.

Nimekaa kimya nisionekane msumbufu, lakini Machi inakwisha na boksi sijaliona. Kama Mhariri Mkuu anasita juu ya kadi ya saba, ile ya tofauti ndogo sana, mweleze kwamba nilitafuta mfano wake miaka sita. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Ndipo Mama akamwambia mteja mmoja mbishi, "Kati ya kubana na kukaa vizuri kuna upana wa uzi, na huo ndio kazi yangu." Niliacha sahani yangu mezani nikakimbilia kalamu.

Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba kitabu kinakuja. Labda nilifanya haraka, lakini furaha ilinizidi. Niandikie hata mistari miwili.

Kaka yako,
Mwalimu


22 Aprili 1991

Kaka,

Hatujambo. Kazi ni nyingi.

Kadi nimezisoma zote. Zipo.

Nina swali moja. Mwaka ule wa msiba wa Mama, nilipiga simu shuleni kwenu nikiwa chuoni, katikati ya mitihani. Ulipokea wewe. Nakumbuka nilikuuliza Mama anaendeleaje. Wewe unakumbuka ulinijibu nini?

Kifungo


9 Mei 1991

Mdogo wangu,

Salamu. Huku ni wazima. Binti yangu anakusalimu na anauliza shangazi amekasirikia nini, maana barua yako aliisoma kabla yangu akadhani imekatwa na mkasi.

Swali lako limenishangaza. Ni mambo ya miaka mitano sasa. Simu ile ya ofisini kwa mwalimu mkuu ilikuwa inakwaruza, nusu ya maneno yalipotea njiani, na mimi nilikuwa na darasa linanisubiri. Nadhani nilikwambia yale ambayo mtu yeyote angekwambia. Ulikuwa na mtihani, ukafanya, ukafaulu, na leo una meza yako na kalamu yako. Mama alikuwa akilitaka hilo kuliko kitu chochote. Tuwaache waliolala walale.

Kuhusu kadi: sasa nazihitaji kweli. Kama kampuni haizitaki, sina kinyongo, zirudishe tu. Wala usizitume kwa posta ya kawaida. Mpe mtu anayekuja huku.

Kaka yako,
Mwalimu


2 Agosti 1991

Kifungo,

Nimekuandikia Juni, nikakuandikia Julai. Hukujibu. Leo sikuulizi hali.

Jana mwalimu wa hesabu aliingia ofisini na kitabu kipya, kimeletwa shuleni na wakala wenu. Jalada la buluu. Akaniwekea mezani akasema, "Si hiki kile ulichotuambia? Mbona jina si lako?" Kweli, jina si langu. Ni la Mhariri Mkuu wako, herufi kubwa, na chini yake vyeo vyake vyote. Nilikifungua mezani hapo hapo, wenzangu wakinitazama. Neno "fine" limepewa kurasa nne. Bibi harusi na chafya yake yumo. Upana wa uzi umo, ule nilioungoja miaka sita. Kola niliyounguza mimi imo, ila sasa wanamkemea "Juma", mtu ambaye hajawahi kushika pasi nyumbani kwetu.

Nimetafuta ukurasa wa mbele. Hakuna mshonaji. Kuna shukrani kwa mkewe, kwa wachapaji, na kwa "msahihishaji wetu hodari kwa kukusanya mifano". Huyo ni wewe. Wewe umekusanya! Ulikusanya wapi, chini ya meza ya Mama ulikokuwa ukiokota vifungo?

Sijaweza kuingia darasani leo. Nimemwambia mwalimu mkuu nina homa. Angekuwa mtu baki ningelaani, ningekwenda kwa wakili, ningefanya vurugu ya mtu aliyeibiwa. Lakini mlango niliufungua mwenyewe, nikakukabidhi wewe niliyekubeba mgongoni. Umeniumiza, Kifungo. Umenisaliti mimi, na umemwacha Mama nje ya kitabu alichokitunga kwa kinywa chake.

Mmeishia matumizi ya nane. Ya tisa mmeyaacha. Sitaki hata kujua kwa nini.

Kaka yako, kwa damu tu


20 Agosti 1991

Kaka,

Shikamoo. Mtoto hajambo, baba yake hajambo. Mimi ninakwambia hapa chini nilivyo.

Ndiyo, nilizitoa mimi. Mhariri Mkuu hakuiba. Nilibeba boksi mwenyewe, nikaliweka mezani kwake, nikabandua ile karatasi ya sharti lako na kumwambia hazina mwenyewe, azitumie apendavyo. Alipoleta karatasi za majaribio nilizisahihisha kwa mkono wangu, koma kwa koma. Nilipofika kwa Juma mkono ulisita. Nikaendelea.

Nilitaka upotelewe na kitu ambacho hutarudishiwa. Sasa nikueleze kwa nini, ingawa unajua.

Nilifika kadi ya tisa katikati ya Februari. Mbele umeandika: hutumiwa na mgonjwa anayetaka mwenzake asihangaike. Na mfano: "Mwambie sijambo, asije." Nikasema moyoni, ni nani huyu maskini? Nikageuza nyuma. Umesahau ulichoandika nyuma, kaka? Wewe usiyesahau kitu? Mwandiko wako ule ule wa ubaoni: Mama, kitandani, kuhusu Kifungo. 14 Juni 1986. Ni siku ya nne hajala.

Tarehe 14 ndiyo siku niliyopiga simu. Haikukwaruza hata kidogo. Ulisema, "Mama hajambo, ni kikohozi tu, wewe fanya mtihani." Nikafanya. Tarehe 17 akafa. Telegramu yako ilinikuta natoka kwenye chumba cha mtihani wa mwisho na kalamu mkononi, na nilipofika nyumbani mlikuwa mmeshazika, na watu wameshaanza kukunja mikeka.

Miaka mitano nimekubali kwamba lilikuwa jambo la ghafla. Niliwaambia watu hivyo. Nilimwambia mume wangu. Kumbe siku nne hajala, wewe unajua, na unakwenda kuandika kadi! Ulinitumia kifo cha mama yangu kwenye boksi la viatu kama mfano wa tisa, ukaniomba nikitunze kisichafuke.

Na kilichonikata zaidi si wewe. Ni yeye. "Asije." Nimejiuliza kila siku tangu Februari kwa nini mama yangu hakutaka nimwone. Nilimkosea nini? Nakaa na kalamu nyekundu mkononi, mistari inanipita. Kadi hiyo sikumpa Mhariri Mkuu. Ninayo kwenye mkoba.

Nijibu hilo moja. Kwa nini alisema nisije?

Kifungo


11 Septemba 1991

Mdogo wangu Kifungo,

Wifi yako anakusalimu. Hajui ninachokuandikia. Nimekaa kwenye kiti cha Mama, nimeweka karatasi juu ya cherehani kwa kuwa meza yangu imejaa madaftari ya wanafunzi. Nimeanza barua hii mara nne.

Hakusema.

Katika kadi zote nilizoandika maishani, ile ndiyo niliyoibuni.

Asubuhi ya tarehe 14 nilimpelekea uji, hakuutaka. Alinishika mkono wa shati, unakumbuka alivyokuwa akishika kitambaa kukijua uzito wake, akasema, "Mwite." Nikamuuliza nimwite nani, na nilijua. Akasema tena, "Mwite." Nikamwambia sawa. Nikaenda shule. Saa nne nikaitwa kwenye simu, ni wewe. Sikuhitaji hata kukutafuta, ulikuwa umejileta. Vidole vyangu vilikuwa na chaki, naikumbuka kwenye mkono wa simu. Nikasema hajambo.

Ulikuwa umebakiza mitihani miwili. Nilijiambia Mama ataamka, amewahi kuugua zaidi ya hapo, na wewe ukiacha chuo hutarudi. Hiyo ni sababu na ni ya kweli. Lakini iko nyingine chini yake. Tangu Baba afe mimi ndiye nilikuwa naamua nani aende wapi na nani aambiwe nini. Nilizoea. Mama alitoa amri nyumbani kwangu na mimi nikaona najua zaidi.

Jioni aliniuliza kama nimekuita. Nikasema uko njiani. Siku ya pili na ya tatu akauliza, nikasema uko njiani. Alikufa akisikiliza mlango.

Wiki mbili baada ya maziko nilichukua kadi tupu na kuandika yale ambayo mama mwema angesema kwa bintiye mwenye mitihani. Niliandika na tarehe, na siku ya nne, vitu vya kweli, ili uongo upate pa kusimama. Niliisoma mpaka nikaanza kumsikia akiisema. Nilipofunga boksi lile Januari niliipitisha mikononi kama nyingine zote, ikaniingia akilini kuwa ni ya Mama. Ndiyo maana sikuitoa.

Si wewe peke yako uliyekosea, mimi nilikukosea kwanza. Kitabu sikitaki tena. Mama hakukukataa. Sina cha kujitetea.

Kaka yako


30 Septemba 1991

Boksi analileta dereva wa kampuni, anapita huko Alhamisi. Zimo kadi zote tisa. Zihesabu mbele yake.

Nilikwenda kwa Mhariri Mkuu nikamwambia kadi zilikuwa za nani, na kwamba nilimdanganya. Alisema kitabu kimeshatoka, tutaona chapa ya pili ikifika. Sijui kama itafika. Niliwaambia na wasahihishaji wenzangu, kila mmoja, wakiwa wameinua vichwa.

Kadi ya tisa nimeisahihisha, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mbele sikugusa, maana ni sahihi na mfano unafaa. Nyuma nimepiga mstari mwekundu juu ya neno "Mama". Nimeandika: Kaka, kwenye simu, na baadaye kitandani kwa mgonjwa, siku tatu mfululizo.

Nimeandika na nyingine mpya, kwa mwandiko wangu. Mbele ina neno moja, "Mwite." Nyuma: Mama, kuhusu mimi, asubuhi ya 14 Juni 1986, mara mbili.

Hiyo siileti.